Bleu Haina Mama

Mama alipofariki tuliweka picha yake kwenye meza ndogo mbele ya nyumba yetu ya Nyakasanza, hapa Bunia, tukapiga hema kama wafanyavyo watu wote, na wakina mama wa kanisa wakaja na sare zao za vitenge kupika maharagi. Nilikuwa nimeketi mkekani kati ya mama zangu wadogo wawili, macho yamevimba, wakati gari jeupe liliposimama barabarani na akashuka mwanamume mnene mwenye mvi, amevaa suti nyeusi na tai. Tulidhani ni mkubwa wa ofisi fulani. Mama mdogo wa kwanza akainuka haraka kumtafutia kiti. Yule bwana hakukitazama hata kidogo. Alienda moja kwa moja mpaka mbele ya picha, akapiga magoti vumbini na suruali yake ile iliyopigwa pasi, akaweka mikono yote miwili kichwani, kisha akapaza sauti hadi wapishi wakaacha miiko yao: "Lengalenga! Lengalenga ya premier graduat! Leo miye njo bleu yako!" Mama zangu wadogo walishtuka, mmoja akashika kifua. "Uyu ni mulevi?" aliuliza. "Anaita marehemu mboga?" Mimi nilicheka. Nilicheka kwa sauti kwenye matanga ya mama yangu mzazi, na katikati ya kicheko machozi yakanitoka upya, kwa sababu jina lile sikuwa nimelisikia mdomoni mwa mtu tangu ujana wangu.

Binti yangu Grâce, ambaye mwezi huu anaanza chuo, alinijia kwa magoti mpaka mkekani. "Mama, uyu papa ni nani? Juu ya nini anaita Koko vile?" Nikamjibu kwamba ni Faustin, ndiye aliyembatiza Koko, bibi yake. "Ni pasta?" Hapana, nikamwambia, ni poil. Hapo Grâce alitoa macho, maana hata hao wa leo wanaouita mwaka wa kwanza L1 badala ya premier graduat wanajua bleu ni mwanafunzi mpya na poil ni yule mkomavu anayemtesa siku za mwanzo. Kwa majuma mengi Grâce alikuwa ananisumbua na swali moja. "Mama, ungerudia kuwa weye ya ile mwaka ya kwanza ya chuo, ungejiambia nini?" Nami nilimpa majibu ya kumridhisha: vaa viatu vya kuvumilia matope, usiogope kuuliza, usile kila unachopewa. Jibu la kweli ninalo, lakini ni jibu ambalo hakuna mzazi wa Bunia atakayeweza kumtazama mwanawe usoni na kumwambia. Nitaliweka hapa mwishoni.

Mambo ya ukoo na jinsi tulivyotoka Djugu tukiwa na mabegi mawili sitayasimulia. Kila nyumba ya hapa ina masimulizi yake ya namna hiyo. Itoshe kusema kwamba tulikuwa wageni mjini, watu wachache walitujua, na tulipanga vyumba viwili vyenye ukuta wa udongo uliopakwa chokaa. Asubuhi ile ya kwanza ya chuo Mama alinichemshia chai kwenye babula, jiko letu la makaa, akanipa mihogo ya jana iliyopashwa moto, na kabla sijamaliza alijitwika kapu lake la unga na kutoka. "Naenda ku soko," alisema. Sikuona ajabu, alikuwa muuza unga. Niliona tu kwamba amevaa blauzi nyeupe ya Jumapili, nikadhani labda atapitia kanisani. Nikanyoosha sketi yangu, nikajitazama kwenye kioo kidogo kilichovunjika pembeni, na nikatoka kichwa juu kama msichana wa kwanza duniani kwenda kusoma sheria. Nilikuwa na majivuno, sikatai. Kutoka Nyakasanza mpaka chuoni, barabara ya Lumumba, niliyabeba peke yangu, na hayakuwa mepesi.

Auditoire yetu ilikuwa ukumbi mrefu wa bati, mabenchi yasiyo na migongo, na nyuma watu wamekalia matofali. Niliingia nikitafuta nafasi. Nikatazama benchi la tatu, nikamwona mama yangu. Nasema nikamwona, lakini macho yalikataa kwanza. Yalipita, yakarudi, yakapita tena. Kapu lake lilikuwa miguuni. Unga haukuwamo. Kulikuwa na madaftari mapya na kalamu mbili, na juu yake ile diploma ya Serikali aliyoipata kabla ya ndoa, imefungwa kwenye plastiki, ile ile tuliyokimbia nayo vitani nikimdhihaki kwamba anaokoa karatasi na kuacha sufuria. Nikasogea, nikasema kwa sauti ndogo: "Mama?" Aligeuka taratibu, akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeuliza njia, akatabasamu kwa adabu. "Bonjour, mademoiselle," alisema. "Weye unaitwaka nani? Kuko fasi hapa, kama unataka kuikala." Msichana wa pembeni akasogea. Sikuketi. Nilienda kukaa juu ya tofali nyuma kabisa, na kitu chochote alichofundisha profesa siku ile, Mungu ndiye anayekijua.

Jioni nililipuka. Alikuwa anasonga bugali, nami nilisimama mlangoni nikilia kwa hasira na mshangao, nikimuuliza kama ameugua kichwa, kama mtoto anaweza kukanwa hadharani na mzazi wake. Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Akaipua sufuria, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda. "Sikiliza," alisema. "Kule ku auditoire miye siko mama yako. Ukiniita mama, bote bataniita mama. Na mama, banamufundishaka? Hapana. Mama banamusalimiaka, banamupatiaka kiti, basi. Miye siendi kutafuta kiti. Naenda kusoma." Nikamuuliza basi nimwite nani. Kwetu jina la mzazi halitajwi na mtoto; afadhali umpige jiwe. Tukatazamana juu ya sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, watu wawili wenye njaa. "Tutaona," alisema mwishowe. "Kula, bugali inapoa."

Jibu lilitoka kwa mapoil. Juma la pili walitukusanya uwanjani kwa ubatizo, nyuso tumepakwa makaa, wengine wanapima urefu wa auditoire kwa kijiti cha kiberiti, wengine wanaimba wakitembea kwa magoti. Mkuu wao alikuwa Faustin, kijana mwembamba wa Mahagi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alikuwa anapiga kelele vizuri kabisa mpaka alipofika mbele ya Mama. Mama alikuwa amesimama katika mstari, kitambaa kichwani, makaa usoni kama sisi. Kelele zikamkwama Faustin kooni. Mwanamke yule angeweza kumzaa. "Mama, weye ukae pale ku kivuli," alisema kwa unyenyekevu. "Hii ni michezo ya batoto." Mama akapiga magoti mwenyewe, hapo kwenye changarawe, akaweka mikono kichwani. "Bleu haina mama," alisema. "Unibatize kama bengine." Nilitamani nimrukie Faustin, au nimrukie Mama, sijui nani. Faustin alitazama huku na huku kama anayehofia wazazi wake wasimwone, kisha akamimina maji ya kikombe kichwani mwa Mama. Kila bleu hupewa jina la kejeli. Mimi kwa wembamba wangu nilikuwa tayari nimeitwa Makayabu, samaki mkavu wa chumvi. Faustin alifikiri, akasema: "Weye ni Lengalenga. Banakukata, unaota tena." Uwanja mzima ukapiga makofi. Mama akainuka, maji yanamtiririka pamoja na makaa, na nikaona meno yake yote.

Basi nikapata jina la kumwita. Mpaka mlangoni petu alikuwa Mama. Akivuka mfereji wa barabarani alikuwa Lengalenga, nami Makayabu. Mwanzoni ulimi ulikuwa mzito, baadaye ukazoea kuliko ilivyostahili. Nilichoshindwa kuzoea ni yule mwanamke mwenyewe. Nyumbani Mama alikuwa mtu wa maneno machache, anayepima chumvi na kupima maneno kwa kijiko hicho hicho. Kule auditoire alikuwa anakula mahindi ya kuchoma na wasichana wa rika langu, anawaambukiza kicheko, anagombania nafasi ya mbele. Mara ya kwanza nilipokisikia kicheko kile niligeuka kuona ni nani. Sikuwa najua kwamba mama yangu ana kicheko. Siku moja wasichana wawili waliokaa mbele yangu walikuwa wanamsengenya. "Uyu Lengalenga, batoto yake iko wapi?" mmoja aliuliza. Mwenzake akasema: "Pengine hana. Muntu ya batoto hawezi kucheka vile." Nilikaa na hilo neno siku nzima kama mwiba wa samaki kooni.

Na jambo lililonishangaza kupita yote ni kwamba alipenda kugombezwa. Kifaransa chake kilikuwa cha zamani, cha masista, na mara nyingi aliinua mkono kusema haelewi. Assistant wetu, msaidizi wa profesa, kijana mkali, alimwambia mbele ya watu wote: "Lengalenga, hukusoma! Rudia ukurasa mzima!" Niliuma midomo, nikaona fedheha kwa niaba yake. Jioni aliingia nyumbani anang'aa. "Umesikia vile alinigombeza?" aliniuliza huku akiwasha babula. "Kama mwanafunzi kabisa!" Kisha akakaa na ukurasa ule mpaka maharagi yakaungua, na tukayala hivyo hivyo yakiwa na harufu ya moshi, naye akijisemea vifungu kimoyomoyo, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nakariri haraka, nafunga daftari, nalala. Nilijiona hodari. Kwangu hofu ilikuwa moja tu mwaka ule: kwamba Mama ataanguka, na watu watamcheka, na mimi nitakuwa pale pale nimefungwa mdomo.

Siku ya kutangaza matokeo, sisi tunaiita proclamation, uwanja ulijaa. Jamaa walingoja nje ya uzio na makopo ya poda, maana kwetu aliyeshinda humwagiwa poda kichwani mpaka awe mweupe kama andazi lililodondoka kwenye unga. Mama alikuwa amenunua kopo moja. "Itatuenea siye wawili," aliniambia asubuhi, "lakini kila muntu kivyake. Kule hatujuane." Katibu akaanza kusoma. Alilitaja jina la Mama, jina kamili, lile ambalo mdomo wangu haujalitamka mpaka leo, na kusema: satisfaction, yaani amefaulu. Uwanja ulilipuka. "Lengalenga! Lengalenga!" Wasichana walimvua kitambaa, Faustin akalinyakua lile kopo na kulifungua juu ya kichwa cha Mama, akingoja orodha iishe. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, nimejibana mbali kama mgeni. Katibu aliendelea. Herufi ya jina langu ikafika, ikapita. Nikasema amekosea, atarudi. Hakurudi. Alikunja karatasi, akasema wengine wote, session ya pili, yaani kurudia mitihani, na akashuka.

Nikakaa chini. Na mapoil hawana huruma na aliyeanguka, ndiyo desturi. Walinizunguka wakipiga filimbi. "Makayabu bado chumvi! Arudi ku maji! Makayabu arudi ku maji!" Ilikuwa mzaha tu, kesho yake wangenisahau. Lakini mimi nilikuwa msichana wa miaka ile, na nilijifunika uso na sketi na kulia kwa sauti. Ndipo niliposikia kelele za upande wa pili zimekatika. Mama alikuwa ameuweka mkono juu ya kopo la poda. "Ngoja kwanza," alimwambia Faustin. Akapasua watu, kichwa wazi, akaja mpaka nilipokuwa, akapiga magoti na kunikumbatia mbele ya chuo kizima. "Munyamaze!" alisema, na hiyo ilikuwa sauti ya nyumbani. "Uyu munayemuchekelea ni mutoto yangu. Miye njo mama yake. Nilimuzala miye."

Wale wasichana wa mahindi waliweka mikono mdomoni. Mwaka mzima hawakujua! Faustin aliteremsha kopo polepole, akalifunika kwa kifuniko chake, akavua kofia. "Pole, Mama," alisema. Na mwingine nyuma yake: "Pole, Mama." Na mwingine. Niliyasikia yale maneno nikiwa kifuani pake na nikahisi mwili wake ukishtuka kila neno Mama lilipotamkwa. Wakati ule nilidhani analia kwa ajili yangu.

Likizo ile alinifundisha. Alinikalisha kwenye kigoda chake, akanigombeza kama alivyogombezwa yeye, na session ya pili nikapita. Poda yote ya kopo aliimwaga kichwani mwangu. Nilipotaka kumpaka na yeye kopo lilikuwa tupu, akacheka akasema yake itakuja mwakani. Tulipoingia mwaka wa pili, tukakuta kiti. Kiti cha plastiki cha bluu chenye mikono, kimewekwa mbele kabisa, peke yake, karibu na ubao. Auditoire nzima ilisimama alipoingia. "Mama, karibu, hii njo fasi yako." Alitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda kukaa. Toka siku ile alikuwa Mama. Alipoinua mkono kusema haelewi, assistant yule yule mkali alisema kwa upole: "Haina shida, Mama, usijisumbue." Siku za interro, yale majaribio ya darasani, alisamehewa. Mahindi aliletewa kwenye sahani, na mazungumzo ya wasichana yalikatika alipokaribia. Wote walimpenda. Hakuna aliyemkosea hata kwa neno moja. Kabla ya Noeli, asubuhi moja, alijitwika kapu lake, nami nikachungulia ndani kwa mazoea. Lilikuwa na unga.

Nilimkimbilia mpaka mferejini nikamshika mkono, nikamuuliza kwa nini. Hakuwa na hasira. "Kule sasa niko na kazi ya mama," alisema. "Na hii kazi niko nayo nyumbani." Nilimwomba, nikamwambia nitaongea nao, nitawaeleza. "Utabaambia nini? Bakose heshima?" Alinipapasa shavu. "Weye endelea. Na ile kiti inanichokesha." Niliendelea. Nimekuwa wakili, nimesimama mbele ya mahakimu wengi, nimeshinda na nimeshindwa. Yeye aliuza unga mpaka magoti yakakataa, na kicheko kile cha auditoire sikukisikia tena nyumbani.

Ndiyo maana nilicheka na kulia pale matangani. Baadaye, wakina mama walipokuwa wanagawa chakula, Faustin alikuja kuketi mkekani karibu nami, akakataa kiti mara ya pili. Alikuwa na vumbi magotini na hakulifuta. "Ile kiti," alisema bila kunitazama. "Ile ya bluu. Ni miye nililetaka. Nilitoa ku nyumba ya ndugu yangu mukubwa, nikasema mama kama uyu hawezi kukaa ku benchi." Niliweka sahani mkekani. Miaka yote hiyo nilidhani ni chuo kilichokiweka. "Nilifikiri ni heshima," alisema. "Alikasirika?" Nikamwambia hapana, alisema tu kwamba kilimchosha. Mtu mzima yule, na tai yake, aliinamisha kichwa akalia waziwazi mbele ya wapishi. Grâce alitutazama wote wawili, sahani yake mkononi, akisubiri nimweleze. Sikumweleza. Nilimwambia ale.

Lakini wewe, msichana uliyekaa chini uwanjani na sketi usoni, wewe nitakuambia. Hutakufa kwa kuchekwa. Session ya pili utapita. Sasa hivi utasikia mtu anapiga magoti mbele yako, kichwa wazi, na atataka kusema kwamba wewe ni mwanawe. Mwahi. Inuka kabla hajafungua mdomo, pangusa kamasi, mtazame usoni kwa adabu kama alivyokutazama yeye siku ya kwanza, na useme kwa sauti chuo kizima kisikie: "Siye hatujuane. Uyu ni Lengalenga, ameshinda. Mumumwangie poda."